Mwalimu mpya na madaftari 70

Mhariri,

Walimu wapya wa sekondari hushindwa na saa kuliko somo lenyewe. Kipindi cha dakika 40 si dakika 40: salamu, kufuta ubao na kutulizana hula tano. Andalio la somo lenye malengo manne litakatikia njiani. Lengo moja latosha, na dakika nane za mwisho ziwe za zoezi.

Kusahihisha ndiko kunakowaangusha wengi. Wanafunzi 70 kwa maswali kumi ni majibu 700, na hilo ni darasa la mkondo mmoja tu! Madaftari yanarudi wiki mbili baadaye, kosa limeshaota mizizi. Afadhali maswali matatu, mwalimu akipita kati ya madawati na kalamu nyekundu.

Nanyi wakuu wa shule, zamu ya wiki ya kusimamia shule mwalimu mgeni asipewe mara tu anaporipoti.

Mkufunzi wa ualimu,
Morogoro