Shukrani kwa Dada wa Mwaloni Kirumba

Dada yangu, jina lako sikuliuliza kwa haraka ya kuwahi kivuko cha Kamanga, kwa hiyo nakushukuru hapa hadharani. Mchana ule pale soko la samaki la Mwaloni, Mwanza, kando ya magunia ya dagaa, nilikuwa nikimlipa fundi wa programu aliyeko ng'ambo kwa bitcoin, sarafu ya kidijitali. Anwani ya kupokelea malipo aliyonipa ilianza na bc1p, na pochi ya zamani iliyomo kwenye simu yangu, yaani programu ya kutumia bitcoin, ikaikataa; nikaamua kutumia anwani yake ya mwaka juzi, inayoanza na 1, niliyoikuta katika ujumbe wa kale.

Ulinizuia kwa upole, ukanieleza kwamba anwani za bc1p ni za Taproot, maboresho ya mfumo wa bitcoin yaliyoanza kutumika Novemba 2021, kwamba kasoro ilikuwa kwenye pochi yangu, na kwamba ufunguo wa siri wa anwani ile ya kale, ambao bila huo pesa hazitoki, huenda fundi mwenyewe hanao tena, ilhali malipo yakishathibitishwa hayarudishwi. Ukasubiri niisasishe pochi. Kisha ukaweka ukucha kwenye kioo changu chenye ufa, ukasoma herufi moja moja hadi ya mwisho, nami nikizilinganisha na ujumbe wa fundi, maana zipo programu hasidi zinazobadilisha anwani iliyonakiliwa. Tulituma kiasi kidogo kwanza. Alipojibu kwamba kimefika, ndipo nikatuma kilichobaki.

Hukukubali hata soda. Fundi amelipwa pale alipotaka kulipwa. Ukipita tena Mwaloni, tafadhali niulizie kwa wauza dagaa, nikushukuru ana kwa ana.