Sanamu ya Guilala na vifaa vya filamu zetu

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika wiki iliyopita kwamba mtu mzima anayenunua sanamu za madubwana ya sinema anatupa fedha ambazo zingelipa karo. Kuhusu sanamu za Godzilla sina ubishi naye, kwa kuwa jitu hilo, lililozaliwa mwaka 1954 katika studio za Toho nchini Japani, limekwisha kupata watunzaji wa kutosha duniani, na hata pasipopatikana mtu wa kulinunua Kampala halitasahaulika. Ninayoyatetea ni madubwana yasiyojulikana, na hasa moja lililo kwenye kabati langu, liitwalo Guilala.

Guilala ni wa mwaka 1967. Mwaka huo Godzilla alikuwa amefikia filamu yake ya 8, na kila kampuni ilitaka kuonja soko hilo: Daiei ilikuwa na kobe wake Gamera, Nikkatsu ikamleta Gappa, na hata Korea Kusini ikatoa dubwana lake, Yongary. Shochiku, kampuni iliyosifika zaidi kwa filamu za maisha ya familia, nayo ikajitosa kwa filamu iliyoongozwa na Kazui Nihonmatsu, ambamo chombo cha angani kilichokuwa kikielekea Mirihi kinarudi na chembe ngeni iliyonata kwenye bodi lake, chembe hiyo inatoroka, inakua hadi kuyapita maghorofa, na inaanza kutafuta nishati ya kula. Mwishoni Guilala anamwagiwa kemikali, anasinyaa na kuwa chembe tena, kisha anarushwa angani. Ilimlazimu angoje miaka 41, hadi mwaka 2008, ndipo Minoru Kawasaki akamrudisha katika filamu ya vichekesho ambamo anavuruga mkutano wa viongozi wa G8, yaani kundi la nchi nane zenye uchumi mkubwa. Kwa dubwana lenye historia fupi namna hiyo, sanamu hubeba mzigo ambao filamu peke yake haiwezi kuubeba.

Sanamu yangu niliinunua kwa kijana anayeosha magari katika yadi moja upande wa Nakawa hapa Kampala, yanakoletwa magari yaliyotumika kutoka Japani. Vitu vinavyosahauliwa chini ya viti vya magari hayo ni vingi, na aghalabu huishia jaani. Ni ya vinili laini, aina ya plastiki inayobonyea, yenye uwazi ndani, na mtu akiigeuza ataona chini ya wayo maandishi ya Kijapani yaliyochapwa pamoja na umbo lenyewe. Kichwa chake kimetanuka kando, mdomo umechongoka kama wa kuku, na juu vimesimama vipapasio ambavyo ndivyo huvunjika kwanza.

Namna sanamu hizi zinavyotengenezwa inastahili kuelezwa, maana wengi hudhani ni plastiki tu iliyotoka mashineni. Fundi huchonga umbo, likatolewa nakala ya nta, na nta hiyo ikapakwa madini kwa umeme mpaka kupatikana kalibu ya madini hayo. Vinili ya majimaji humiminwa ndani ya kalibu na kupashwa moto. Ile iliyogusa kuta huganda, iliyobaki katikati humwagwa, kisha fundi huivuta sanamu kwa koleo ingali na moto, naye asipokuwa na mkono mwepesi huichana. Mikono, miguu na kichwa hutolewa mbalimbali na kuunganishwa bila gundi. Ndiyo sababu mkono uliochomoka hauhitaji gundi ya fundi viatu, bali maji ya moto ya kuulainisha hadi urudi mahali pake. Rangi hupulizwa juu juu, kwa hiyo anayeisugua sanamu kwa sabuni ya unga na brashi ili ing'ae sokoni anaondoa kile kile ambacho mkusanyaji angekilipia.

Mtu ataniuliza haya yote yanamhusu nini Mganda. Yanamhusu sana. Pale Wakaliga, mtaa wa hapa Kampala, Isaac Nabwana na wenzake wametengeneza filamu za mapigano ambazo sasa zinatazamwa hadi Marekani, wakitumia bunduki zilizoundwa kwa vyuma chakavu. Filamu yao ya mwaka 2010, Who Killed Captain Alex?, haipo tena katika nakala yake ya kwanza. Tunayoitazama ni ile yenye sauti ya vijei, yule mchangamshaji wa mabanda yetu ya video anayesimulia juu ya filamu, ambaye bila yeye, nakiri, nusu ya utamu isingekuwepo. Ikiwa filamu mashuhuri kiasi hicho imepoteza nakala yake ya awali, ni nani anayetunza bunduki za bati, mavazi na mabango ya zile ambazo hazikuvuka mpaka wa mtaa wake?

Namwomba basi msomaji mwenzangu asiwacheke wakusanyaji, kwa sababu tabia hiyo ya kukiokota kisichothaminiwa na kukiandikia kilikotoka ndiyo tunayoihitaji hapa. Naiomba pia Makumbusho ya Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1908 na ambayo imekuwa Kitante tangu mwaka 1954 (mwaka ule ule wa Godzilla), itenge walau kabati moja kwa ajili ya vifaa vya filamu za nchini, na watengenezaji wa filamu wavipeleke kabla havijauzwa kwa kilo. Kabati hilo likikosa kujaa mwanzoni, niko radhi kumwazima Guilala akae humo, kwa sharti kwamba asioshwe.

Msomaji wako,
Kampala.