Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, 2024/2025

Wanachama wenzangu wa chama cha wanafunzi wa sheria, walezi wa chama, na wageni mliotoka kampasi nyingine za Nairobi, karibuni.

Katiba ya chama inamtaka mwenyekiti asome taarifa hii kabla ya uchaguzi, pengine ili wanaogombea wajue wanachokikimbilia. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina. Mimi nitazungumzia kazi, na nitaanza na jambo lililotugombanisha kuliko mengine yote: dhifa.

Mwanzoni mwa mwaka wa masomo kamati iliamua kwamba hatutafanya dhifa ya hotelini. Fedha zake zilielekezwa kwa nauli, chakula cha mchana na uchapishaji, ili wanachama wapelekwe mahakamani wakaone kazi yenyewe. Kelele zilikuwa nyingi, na hoja yenu haikuwa nyepesi. Mlisema kwamba dhifa ndiyo nafasi pekee ambapo mwanafunzi asiye na mjomba wakili humsalimia mwenye kampuni ya uwakili. Ni kweli humsalimia. Lakini kwa dhifa nilizohudhuria, mgeni wa heshima huketi meza ya mbele, huhutubia, kisha huondoka mapema akwepe msongamano wa Waiyaki Way, na mwanachama hubaki na picha ya simu. Kamati ilishikilia uamuzi wake, nami nausimamia hadi leo.

Tulizuru Milimani, Makadara na Kibera. Iliyowagusa wengi zaidi ni Mahakama ya Madai Madogo. Sheria yake ni ya mwaka 2016, ila milango ilifunguliwa Milimani Aprili 2021. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1 na hutakiwa kuyaamua ndani ya siku 60. Darasani tunaipitia kwa nusu saa. Mle ndani wanachama walimwona fundi anayemdai mwenye nyumba salio la kazi, mfanyabiashara aliyeletewa mzigo mbovu, na dereva wa bodaboda anayetaka fidia ya jeraha, wengi wao wakijisemea wenyewe bila wakili. Mwamuzi hakungoja pingamizi la kitaalamu. Aliuliza mwenyewe, kwa Kiswahili, risiti iko wapi na ujumbe wa M-Pesa unasemaje. Mwanachama mmoja wa mwaka wa pili aliniambia njiani kwamba hakujua kesi inaweza kueleweka na wenye kesi. Na kwa mnaohesabu miaka ya kupanda ngazi, mwamuzi wa mahakama hiyo anatakiwa kuwa wakili mwenye tajriba ya angalau miaka 3, ilhali jaji wa Mahakama Kuu anahitaji 10. Kabla ya ziara ile sikuwahi kumsikia mwanachama akiitaja kazi hiyo miongoni mwa ndoto zake.

Hapo ndipo penye ugomvi wangu na namna tunavyozungumza kuhusu kazi. Ukimuuliza mwanachama wa mwaka wa kwanza anataka kuwa nani, atakutajia jengo la Upper Hill au Westlands kabla hajakutajia kazi. Kwa sababu hiyo mkutano wetu wa ajira wa mwezi wa pili haukuwaalika wakubwa. Tuliwaita watu wanaofanya kazi ambazo tangazo lake husomi ubaoni: mwandishi wa miswada ya kaunti, afisa wa ulinzi wa data katika kampuni ya mikopo, mpatanishi aliyesajiliwa na mahakama, karani wa masjala, na wanagenzi wawili, yaani wanaojifunza kazi chini ya wakili kabla ya kuwa mawakili, walio katikati ya miezi yao 6. Karani ndiye aliyepigiwa makofi marefu zaidi, kwa kutueleza jinsi kesi nzuri hukwama kwa sababu ya hati iliyopakiwa vibaya kwenye mfumo wa kielektroniki ambao Nairobi imekuwa ikiutumia tangu Julai 2020. Mwandishi wa miswada alitukumbusha kwamba kaunti ni 47, na kwamba tangu Sheria ya Ofisi ya Wakili wa Kaunti ya mwaka 2020 kila moja inatakiwa kuwa na ofisi hiyo. Alisema kwao wanatafuta mtu anayeweza kuandika kifungu kimoja kisicho na maana mbili, na hawampati kirahisi. Afisa wa data alizungumza kidogo, kwa tahadhari ya mtu aliyeajiriwa, lakini alilolisema lilitosha: kabla ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kazi yake haikuwapo.

Wanagenzi ndio walioukalisha ukumbi kimya. Sheria ya Mawakili inataka mwanagenzi awe chini ya wakili aliyefanya kazi kwa miaka isiyopungua 5. Haisemi atakula nini. Mmoja wao hulipwa posho inayomtosha, mwenziwe halipwi chochote, na kila alfajiri hutoka Rongai kwa pesa za dadake. Wapo mawakili wanaosema nao walipitia hivyo hivyo. Sioni kwamba hilo ni jibu. Likiendelea, taaluma itachujwa kwa mfuko wa mzazi, na mtoto wa muuza mboga atafaulu mitihani yote akwame kwenye nauli. Tumeanza kukusanya maelezo kutoka kwa waliotutangulia: ofisi ipi hulipa, ipi hufundisha kweli, ipi humfanya mwanagenzi tarishi. Majina ya watoa habari yanabaki kwa katibu. Orodha haitachapishwa, ila mwanachama anayetafuta nafasi anaweza kuiomba.

Kuhusu Chuo cha Sheria cha Kenya kule Karen, nina ombi moja kwa walio mwaka wa tatu na wa nne: someni Sheria ya chuo hicho wenyewe, msisimuliwe. Jedwali la Pili linataja wastani wa C+ katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, na angalau B katika Kiingereza au Kiswahili kwa anayetaka kujiunga, na namna ya kulisoma pamoja na kifungu cha 16 imefikishwa mahakamani zaidi ya mara moja. Mnaofika huko mtakutana na masomo 9, kuanzia mashauri ya madai hadi uhamishaji wa umiliki wa ardhi, na mtihani wa kuandika una uzito wa asilimia 60, salio likigawanywa kati ya mradi na mtihani wa kuzungumza. Hiyo asilimia 20 ya kuzungumza ndiyo iliyotufanya tuongeze kesi za mazoezi, ambamo wanachama huigiza mawakili mbele ya mwamuzi.

Kesi hizo za mazoezi zilikuwa nzuri, moja kwa Kiswahili mwanzo hadi mwisho, isipokuwa kwa aibu moja. Timu mbili zilileta hoja zenye kesi ambazo hazipo. Ziliandikwa na programu ya akili mnemba, zikapewa majina ya kuvutia na namba za kumbukumbu, na hakuna mshiriki aliyefungua tovuti ya Kenya Law, inayochapisha hukumu za mahakama bila malipo, kuzitafuta. Mkufunzi aliyekuwa akiamua alizitafuta palepale kwa simu. Mawakili wa New York walitozwa faini ya dola 5,000 mwaka 2023 kwa kosa kama hilo katika shauri dhidi ya shirika la ndege la Avianca, na habari hiyo ilizunguka katika kundi letu la WhatsApp watu wakicheka. Kuanzia sasa timu itakayotaja kesi isiyokuwapo inaondolewa. Kutumia programu hatukukataza. Tunachodai ni kwamba kila kesi unayoitaja uwe umeisoma.

Mijadala ya Alhamisi ilifuata matukio ya nchi, na mwaka huu matukio hayakutuonea huruma. Mahakama ya Rufaa ilikuwa imeibatilisha Sheria ya Fedha ya 2023 tarehe 31 Julai 2024. Tarehe 29 Oktoba Mahakama ya Juu ikaurejesha uhalali wake. Tulibishana jioni mbili juu ya swali moja: kifungu kikiingizwa bungeni baada ya wananchi kutoa maoni, je, kirudishwe kwao? Wengi wenu mlisema ndiyo, kwa hasira ya maandamano ya Juni 2024 dhidi ya Mswada wa Fedha iliyokuwa bado mbichi. Mimi nilikuwa upande wa wachache. Bunge likilazimika kurudi uwanjani kwa kila neno linalobadilika, wananchi watatolewa kwenye hatua ya kwanza ili ibaki ya mwisho. Sikumshawishi mtu.

Teknolojia ilitupa mijadala miwili mizuri. Mnamo 20 Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ilikubali kwamba Meta, kampuni yenye Facebook, inaweza kushtakiwa hapa nchini na wachujaji wa maudhui waliofanyia kazi yao Nairobi, hata kama makao yake yako Marekani. Kisha Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru Worldcoin, mradi wa sarafu ya kidijitali, ifute data za mwili ilizokusanya kwa Wakenya. Wale waliokuwa kwenye foleni ile ya kupigwa picha ya macho mwaka 2023, na humu ukumbini mmo, mlichangia kwa ujuzi usiopatikana maktabani.

Uamuzi wa 9 Januari 2025 wa Mahakama Kuu, uliosema kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinachomshtaki aliyejaribu kujiua kinakiuka Katiba, tuliujadili pamoja na mshauri nasaha wa chuo. Baada ya mjadala huo, wanachama kadhaa walimtafuta kwa faragha. Huduma yake ipo kila Jumatano, na hamhitaji barua yangu kuipata.

Aprili tulimkumbuka Wakili Mwandamizi Pheroze Nowrojee, aliyefariki mwezi huo baada ya maisha ya kutetea watu ambao enzi ya chama kimoja haikutaka watetewe.

Juni ilikuwa nzito. Kifo cha mwalimu Albert Ojwang akiwa mikononi mwa polisi katika kituo cha Central, kisha maandamano ya tarehe 25, vilileta simu nyingi kwa kamati. Mlitaka kwenda vituoni kuwatoa wenzenu. Tulichapisha kadi ndogo yenye kifungu cha 49 cha Katiba: haki ya kuelezwa sababu ya kukamatwa, ya kunyamaza, ya kuwasiliana na wakili, na ya kufikishwa kortini ndani ya saa 24, au mwisho wa siku inayofuata ya mahakama ikiwa saa hizo zinaishia nje ya muda wa kazi. Nyuma yake kulikuwa na nafasi ya kuandika namba ya wakili aliyejitolea. Lakini pia niliwaandikia, na wengine mliniita mwoga, kwamba mwanafunzi akivaa suti na kujitambulisha kituoni kuwa wakili anavunja Sheria ya Mawakili na anamharibia yule aliye selo. Kazi ya mwanafunzi usiku ule ilikuwa kuandika majina, kujua nani amepelekwa kituo gani, na kumpigia wakili halisi. Waliofanya hivyo walisaidia sana kuliko walivyojua, kwa sababu mtu ambaye jina lake halijaandikwa popote ndiye mgumu kumpata.

Yaliyoshindikana. Wanafunzi wa jioni bado hawatufikii, kwani mahakama hazifanyi kazi wakati wao na mikutano yetu huanza wakiwa bado kazini. Kliniki ya ushauri wa sheria tuliyoiahidi Kibera haikuanza. Tulidhani tunahitaji meza na hamasa, kumbe tunahitaji wakili wa kusimamia kila jibu, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 ina masharti yake kwa anayetaka kutoa msaada huo. Mlezi wetu mmoja amekubali kusimamia, mara moja kwa mwezi. Ni kidogo, lakini ni bora kuliko mwanafunzi kumshauri mpangaji vibaya.

Suala la dhifa litapigiwa kura leo, ajenda namba 6. Kamati imependekeza chai ya jioni chuoni, isiyo na meza ya mbele, na wanagenzi wakialikwa bure. Wanaotaka hoteli watapewa nafasi ya kusema.

Kwa kamati mpya: Mahakama Kuu huwa likizoni kuanzia 1 Agosti hadi 15 Septemba, kwa hiyo barua za ziara ziandikwe mapema, na kila moja ipelekwe kwa mkono na kupigwa muhuri, maana za baruapepe hatukujibiwa. Barua ya Makadara tayari iko kwenye faili ya katibu, imebaki sahihi ya mwenyekiti. Nimeiacha bila kusaini kwa makusudi, atakayechaguliwa leo aisaini kabla hatujatawanyika.