Dondoo yako ya zambarau imefifia? Irudishe

Wiki iliyopita mteja wetu wa Tabata alirudi na chupa ya dondoo, yaani kiini tunachokitoa kwenye zambarau, aliyoinunua ikiwa nyeusi tii. Sasa ilikuwa kahawia, kama chai ya rangi. Akauliza, "Dada, mlitia rangi ya dukani nini?" Ana haki ya kuuliza.

Ule weusi unaoganda ulimini ukila zambarau ni anthosianini, jamii mojawapo ya antioksidanti, yaani kemikali zinazopunguza uharibifu unaoletwa na oksijeni. Imejaa zaidi kwenye ganda. Tunatoa kokwa, tunasaga nyama pamoja na maganda, kisha tunaloweka gizani kwenye ethanoli ya chakula (alkoholi) yenye asidi ya sitriki kidogo, kwa sababu anthosianini hutulia penye uchachu. Tukichuja, kinatoka kitu cha rangi ya damu ya mzee, chekundu hadi unakionea huruma kukimwaga.

Hapo ndipo kazi ilipo. Ethanoli lazima iondoke, nayo huchemka kwenye nyuzi 78, na moto unaharibu kilekile tunachokitafuta. Kwa hiyo tunatumia mtambo unaopunguza mgandamizo wa hewa ndani ya chupa, ethanoli ikapanda mvuke kwenye nyuzi 40 hivi. Ni kazi ya kutwa, na umeme ukikatika tunaanza kusubiri. Bei yetu haiwezi kulingana na juisi iliyochemshwa sufuriani.

Kinachobaki bado kina sukari ya tunda. Kupata anthosianini peke yake kunataka kuipitisha kwenye nguzo ya resini, yaani bomba lenye chembe zinazonasa rangi na kuacha sukari ipite, na hilo sisi hatulifanyi. Wala hatuuzi dawa ya kisukari, ingawa wengi huihusisha zambarau na ugonjwa huo. Anayetumia dawa za hospitali aendelee nazo.

Sasa chupa ya Tabata: ilikaa dirishani. Mwanga, joto na hewa ndivyo vinavyoimaliza anthosianini, na kosa ni letu tuliouza kwenye chupa nyeupe inayopitisha mwanga bila kusema neno.

Ukitilia shaka, weka matone machache kwenye vikombe viwili vya maji. Kimoja kamulia limau, kingine tia magadi kidogo. Zambarau ya kweli itakuwa nyekundu kwenye limau, na bluu au kijani kwenye magadi. Rangi nyingi za dukani hazigeuki hivyo.

Siku hizi tunajaza chupa za kahawia. Ziweke kwenye friji, kifuniko kikiwa kimekazwa. Mwenye chupa nyeupe ailete, hata ikiwa nusu, tumbadilishie bila malipo.