Barua ya Malalamiko: Transfoma Mliyotuuzia Haiuwezi Mzigo Wetu

Kwa Meneja wa Mauzo,

Ndugu Meneja,

YAH: TRANSFOMA YA kVA 630 ISIYOLINGANA NA MZIGO WA KIWANDA

Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Naandika kwa niaba ya idara ya matengenezo, na naandika kwa uchungu, kwa sababu shida tuliyo nayo ingezuilika kwa maswali machache ambayo mlipaswa kutuuliza kabla ya kututajia bei.

Miezi mitano iliyopita mlitufungia transfoma ya mafuta ya kVA 630, inayoshusha umeme kutoka kV 11 hadi volti 400. Tuliwaeleza mapema kwamba mashine zetu zikifanya kazi zote hufikia kilowati 600. Mtu wenu wa mauzo akajibu kuwa 600 ni ndogo kuliko 630, kwa hiyo itatosha na ziada itabaki. Tukamwamini. Lakini kilowati na kVA si kipimo kimoja: kilowati hupima nguvu inayofanya kazi, kVA hupima umeme wote ambao transfoma inabeba. Mzigo wetu karibu wote ni mota, na pawafakta yake, yaani sehemu ya umeme huo inayofanya kazi kweli, ni 0.8. Gawanya 600 kwa 0.8, unapata kVA 750. Kibao cha transfoma yenu kinasema ampea 909 upande wa volti 400. Sisi tumepima 1,080, saa nyingi mfululizo. Hiyo ni kama asilimia 19 juu ya uwezo wake, kila siku ya kazi.

Hapo sijagusa hamoniki, yaani mikondo yenye masafa mara kadhaa ya yale ya umeme wa kawaida. Mota zetu kubwa zinaendeshwa na draivu za kubadili mwendo, na draivu huvuta mkondo kwa vipandevipande badala ya wimbi laini. Mkondo wa namna hiyo huchemsha koili zaidi ya mkondo wa kawaida wa ukubwa uleule, maana sehemu ya joto inayotokana na mikondo midogo inayozunguka ndani ya waya hupanda kwa mraba wa masafa. Kwa ampea zilezile, hamoniki ya 5, yenye masafa mara tano ya kawaida, huzidisha joto hilo mara 25. Ndiyo sababu ziko transfoma zinazotengenezwa kwa mizigo ya aina hii, zenye alama ya K kwenye kibao: K-4, K-13 na kuendelea, namba kubwa ikivumilia hamoniki zaidi. Orodha ya mashine zetu mlikuwa nayo mkononi, na draivu zimo. Hakuna aliyeuliza.

Chumba nacho mlikipima urefu na upana tu. Kimo ndani ya jengo, na mchana hewa yake hufika nyuzi 45, ilhali uwezo ulioandikwa kwenye kibao kwa kufuata kiwango cha kimataifa cha transfoma, IEC 60076, huhesabiwa kwa hewa isiyozidi nyuzi 40. Mwezi uliopita kengele ya joto la mafuta imelia mara tatu. Mara ya mwisho ilikuwa usiku wa manane, na fundi wa zamu akalazimika kuzima nusu ya mashine ili kuinusuru. Karatasi ya kawaida inayohami koili hupoteza nusu ya uhai wake kwa kila nyuzi 6 zinazoongezeka juu ya 98 pale penye joto kali zaidi. Ikishachakaa haiponi, hata mzigo ukipunguzwa kesho.

Kinachoninyima usingizi zaidi ni moto. Upande wa pili wa ukuta kuna ghala la malighafi za plastiki, na mafundi wetu hupita mlangoni pale kila zamu. Mafuta ya madini yakifika nyuzi kama 170 hushika moto na kuendelea kuwaka. Mafuta ya mimea yanayotengenezwa kwa ajili ya transfoma huvuka nyuzi 300 kabla ya kufika hapo, na transfoma kavu ya rezini haina mafuta kabisa. Ghala mliliona siku mliyokuja kupima, na bado mkatuletea ya mafuta ya madini.

Katika jibu lenu la wiki iliyopita mmependekeza mambo mawili. La kwanza, tufunge kapasita, vifaa vya kupandisha pawafakta. Nimepiga hesabu: hata pawafakta ikipanda hadi 0.95, mzigo unabaki kVA 632. Tena kapasita zisizo na riakta, yaani koili za kuzilinda, penye hamoniki nyingi, zinaweza kuitikiana na transfoma mpaka mkondo uvimbe na kapasita zipasuke.

La pili, tununue ya kVA 1,000 yenye impedansi, yaani ukinzani wa ndani unaopunguza mkondo wa shoti, ya asilimia 5. Je, mmeziangalia breka zetu? Transfoma ya sasa, kwa asilimia 4, inaweza kumwaga shoti ya kA (ampea elfu) 22.7, na breka zetu hukata hadi kA 25. Hiyo mnayoipendekeza itamwaga kA 28.9. Hata mkileta ya asilimia 6 tutakuwa kwenye kA 24, na mota zenyewe huongeza mkondo wao wakati wa shoti. Transfoma ikikua, breka lazima zibadilike nayo, na jambo hili halimo popote katika barua yenu.

Tunataka muichukue hii na kutuletea ya kVA 1,000, kavu, ya rezini, K-13, yenye koili zilizounganishwa delta kwa nyota, pamoja na ripoti ya vipimo vya kiwandani ikionyesha uwiano wa volti, ukinzani wa koili, impedansi, na upotevu wa umeme ikiwa na mzigo na ikiwa haina. Upotevu wa bila mzigo tutaulipia saa zote 8,760 za mwaka, kwa hiyo tuna haki ya kuujua. Kabla ya yote, mleteni mhandisi aupime mzigo wetu kwa wiki nzima. Breka tutazilipia sisi, kwa kuwa tungezihitaji hata kama mngetuuzia transfoma sahihi tangu mwanzo. Gharama za kung'oa, kusafirisha na kufunga upya ni zenu.

Zamu ya usiku sasa inaendesha nusu ya mashine, na ghala tumeanza kulihamisha. Tunasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14.

Wenu,

Mhandisi wa Matengenezo

Nakala: Mkurugenzi wa Kiwanda