Somo, usilipie kwanza hiyo mashine

Chuno, Mtwara
Jumapili jioni

Somo yangu,

Salamu nyingi. Huku wazima, mama anakohoa kidogo lakini anagomba kama kawaida yake, kwa hiyo hatuna wasiwasi. Tangu Idi sijakupigia na wewe hujanipigia, tumetoka sare.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Unasema umeona Honda ya kukatia nyasi huko Dar, pale Gerezani, mtumba, mwenye duka anataka milioni moja na laki mbili, na nikituma hela leo kesho inapanda basi. Subiri, somo. Ningekupigia, ila wewe kwenye simu unaitikia "sawa, sawa" halafu unafanya lako, kama ulivyofanya kwa bati za Mzee Chilumba. Hii karatasi nampa konda pamoja na kilo mbili za korosho. Korosho kula, karatasi nenda nayo dukani.

Najua Chande ameshakusimulia habari za mashine yangu nyekundu ya nyasi, na najua amesimulia ili mcheke. Ilivyokuwa ni hivi. Nilikuwa nakata kule hotelini Shangani, upande wa baharini, ukoka umefunika jiwe la matumbawe, silioni. Kisu kikagonga. Mashine ikazima papo hapo. Nikavuta kamba kuwasha, kamba ikarudi na mkono wangu, nusura bega ling'oke. Fundi Hamisi akasema kabureta. Kwa Hamisi kila ugonjwa ni kabureta. Akaifungua mara mbili, hela ikatoka mara mbili, ndipo nikamwambia tufungue juu tuone fliwili, lile gurudumu zito la injini. Kile kichuma kidogo kinachoifunga fliwili na shafti, ule mhimili unaozunguka, kilikuwa kimekatwa karibu nusu. Kumbe kinatengenezwa laini makusudi, ili kiumie chenyewe kwanza, na kikishaumia plagi inapiga moto wakati usio wake. Ndiyo maana kamba ilikuwa inanipiga.

Tukaweka kingine, ikawaka, lakini ikawa inatetemeka kama mtu mwenye malaria. Shafti imepinda. Mashine hizi ndogo nyingi kisu kimefungwa moja kwa moja kwenye shafti ya injini, hakuna kitu katikati, basi jiwe likigusa kisu limegusa roho. Na shafti ya injini ile isiyo na jina la kampuni haipo Mtwara, haipo Lindi, huko Dar wakaniambia ninunue injini nzima. Mwaka mmoja tu, somo! Hata deni la VICOBA sijamaliza.

Kwa hiyo usinitajie tena hospawa, nguvu za injini. Nitajie spea.

Sasa hiyo Honda. Inama usome kwenye injini. Ukikuta GXV160, endelea kuongea naye. Ukikuta GX160 bila V, kuna mtu kaungaunga, maana hiyo ni injini ya pampu ya maji, shafti yake imelala. Ya nyasi shafti imesimama, na V ndiyo inayosema hivyo. Atakuambia zote ukubwa wa injini ni cc 163, na hapo hadanganyi, lakini usikubali kwamba kila spea ya pampu itaingia mpaka uone kwa macho. Na akikukimbiza kwamba nunua sasa hivi kwa sababu Honda wameacha, mwambie unajua: Marekani waliacha kutengeneza mashine za nyasi za kusukuma Septemba 2023, injini hawakuacha. Halafu muulize, kama spea zitaadimika, mbona bei haishuki?

Ukweli mashine niliyoipenda siyo hiyo. Unaikumbuka Toro waliyoiacha wale wakandarasi wa gesi, ile anayo Saidi wa Magomeni? Ni ya kikazi hasa, ina injini ya Kawasaki, FJ180V. Alinikodishia siku moja tukagawana uwanja wa shule, yeye Toro upande wa mwembe, mimi nyekundu upande wa vyoo (ilikuwa bado mzima). Aibu niliyoipata! Kwake nyasi zimesimama sawasawa kama kichwa kilichotoka kwa kinyozi, kwangu kumebaki masharubu kila nilipogeuzia. Siku ya pili upande wangu ncha zimekuwa nyeupe. Mwalimu mkuu akaniuliza nimepulizia dawa gani.

Lakini nikwambie kitu ambacho sijamwambia Saidi. Wiki ile nilikifungua kisu changu, nikakipiga tupa taratibu, nikakitundika kwenye msumari kuona kama kinalala upande mmoja, nikakisawazisha. Nikarudia uwanja uleule. Tofauti ikapungua sana. Masharubu machache, ncha hazikuchanika. Kwa hiyo sehemu ya ule utukufu wa Toro ilikuwa ni kisu kikali tu. Mchanga wetu unakula visu, wiki mbili kinakuwa butu kama kijiko. Na visu vyenye mabawa marefu, zile kingo za nyuma zilizokunjwa juu, vinavuta nyasi zisimame vizuri, ila juu ya mchanga vinavuta na mchanga wenyewe, mabawa yanalika yakawa membamba kama karatasi. Ukipata kisu cha akiba, chukua chenye mabawa mafupi. Wenye duka watakusifia kirefu, usisikie.

Bado Toro inakata vizuri zaidi, sitasema uongo. Ila siku injini ile ikigoma Saidi ataanzia wapi? Pistoni ya Kawasaki ukiiulizia hapa, watu wanakuelekeza kwa muuza pikipiki. Ningekuwa Dar ningeichukua Toro kesho. Niko Mtwara, na mvua inakuja, barabara yetu ya kusini unaijua ikinyesha.

Kingine, igeuze mashine uangalie chini, pale kisu kinapozunguka. Kama bodi ni bati la chuma, gonga kwa bisibisi. Kwa chumvi ya hapa, majani mabichi yakigandia usiku mmoja tu kutu imeshaingia. Ya aluminiamu haili kutu, lakini jiwe la Shangani likiigonga inapasuka, na kuchomelea aluminiamu… tuache. Ukiigeuza, plagi na chujio la hewa vielekee juu, usije ukamwaga oili kwenye chujio halafu moshi mweupe ukakutisha bure. Kisu kizungushe kwa mkono, plagi ikiwa imechomolewa, tafadhali, vidole vyako navihitaji. Tazama ncha moja inapopita karibu na ukingo, kisha ncha ya pili ipite palepale. Zikipishana, kisu au shafti imepinda. Hapo huna haja ya kuendelea kuongea, aga uondoke.

Chande ananishauri niachane na za kusukuma, ninunue Stihl ya kubeba begani, FS 250 kama ile ya kwenye mikorosho ya mjomba wake. Kwa kufyeka pori chini ya mikorosho, sawa, haina mpinzani. Kwa bustani ya hoteli unaacha mawimbi. Na ile inataka petroli ya kuchanganywa, mililita 20 za oili kwa kila lita. Muulize Chande mwenyewe nani aliijaza petroli tupu mwezi wa sita ikaganda pistoni. Hilo hakukusimulia, au siyo?

Nina hoteli, shule, na nyumba mbili za Ligula, na wa hoteli ameshasema wiki mbili tu, baada ya hapo anatafuta mwingine. Mvua ikishika, nyasi hazisubiri mtu atume hela.

Basi niambie. Hiyo Honda ina V au haina? Aliiwasha mbele yako ikiwa ya baridi, au uliikuta tayari ya moto? Moshi rangi gani? Kisu ulikiona? Milioni moja na laki mbili ndiyo mwisho, au wewe ulinyamaza tu kwa aibu zako? Konda wa basi gani anabeba mzigo wa namna hiyo bila kuulalia juu? Na wewe lini unakuja, mabibo yanaozea chini, ming'oko mama anakuwekea kila mwaka unaishia kuliwa na Chande? Yule dada wa Temeke bado, au nisiulize?

Nijibu kabla ya Ijumaa. Hela ninayo, ila mkono hautumi mpaka nijue habari ya shafti.

Somo yako