Pimeni sakafu kabla ya kuligawa jengo kongwe

Mhariri,

Mwenye jengo la mawe la enzi ya ukoloni katikati ya Nairobi huona njia moja ya haraka ya kuongeza kodi: aligawe kwa plaiwudi liwe eksibisheni, vyumba vidogo vya nguo, viatu na simu kuanzia chini hadi juu. Mimi sipingi majengo makongwe kupewa kazi mpya. Ninalopinga ni kazi hiyo kuanza kabla mhandisi hajapima sakafu, na ninaiomba serikali ya kaunti isiidhinishe badiliko lolote la matumizi ya jengo la aina hii mpaka ripoti ya vipimo iwe mezani.

Kwamba jengo laweza kubadilishiwa kazi na likadumu, mji wenyewe unashuhudia. Pale wakazi wanapoambiana "tukutane Archives", kati ya Moi Avenue na Tom Mboya Street, palijengwa kwa ajili ya National Bank of India. Benki hiyo iliungana na Grindlays mwaka 1958, na mwaka 1970 serikali ilipochukua asilimia 60 ya hisa ikazaliwa Kenya Commercial Bank (KCB). Leo jengo linahifadhi nyaraka za taifa, pamoja na sehemu ya mkusanyo wa sanaa wa Joseph Murumbi, Makamu wa Rais wa pili wa Kenya. Kwenye Kenyatta Avenue mambo yalikwenda kinyume. Kipande House, ya mwaka 1913, ilitumiwa kuwasajili Waafrika na kuwapa vile vipande, yaani vitambulisho, vilivyochukiwa. Sasa ni tawi la KCB. Hatua chache kutoka hapo, ofisi ya zamani ya Mkuu wa Mkoa, ambako vizazi, ndoa na vifo viliandikishwa, imekuwa Nairobi Gallery.

Jambo la kwanza la kuangalia katika mabadiliko kama haya ni uzito. Viwango vya zamani vya Uingereza vya BS 6399, ambavyo wahandisi wengi wa hapa walifunzwa navyo, viliihesabia sakafu ya ofisi takriban kilo 250 kwa mita ya mraba. Chumba cha rafu za vitabu kilihesabiwa takriban kilo 245 kwa kila mita moja ya kimo cha rafu, na hakikuruhusiwa kushuka chini ya kilo 660 hivi. Sasa tazama robota la mitumba la kilo 45, ambalo likilazwa hukalia kama theluthi moja ya mita ya mraba. Panga matano, moja juu ya jingine, na sehemu hiyo ya sakafu imebeba zaidi ya kilo 600 kwa mita ya mraba. Mpangaji hana habari, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba ghala lake liko juu ya sakafu iliyojengwa kwa meza na viti.

Sakafu nyingi za juu katika majengo haya ni mbao juu ya boriti. Nguvu ya boriti hutokana zaidi na kimo chake kuliko upana wake. Fundi wa mabomba akichonga pengo la milimita 50 upande wa chini wa boriti yenye kimo cha milimita 200, pale katikati, ameiondolea zaidi ya asilimia 40 ya nguvu zake mahali hapo, na katikati ndipo inapopinda zaidi. Bomba au waya ukilazimika kupita, tundu litobolewe katikati ya kimo cha boriti, kipenyo chake kisizidi robo ya kimo hicho, na liwe mbali kidogo na ukuta lakini lisifike katikati ya urefu. Mzigo mzito nao ukae karibu na ukuta.

Lakini ncha za boriti zimo ndani ya ukuta, na huko ndiko uharibifu mkubwa hujificha. Mawe yetu ya Nairobi, yaliyotokana na majivu ya volkano, hunyonya maji. Kuta za zamani zilizojengwa kwa chokaa huyatoa tena jua likiwaka. Anapokuja mtu akazipaka plasta ya simiti na rangi ya mafuta ili jengo lipendeze, maji yanayoingia kwenye nyufa hayana tena pa kutokea. Chumvi hujikusanya nyuma ya plasta, uso wa jiwe humeguka, na ncha za boriti huoza au huliwa na mchwa bila dalili yoyote chumbani. Hapo ndipo hasira yangu ilipo: rangi mpya inachukuliwa kuwa ukarabati, kumbe inaharakisha uozo.

Plasta ya kufaa ni sehemu moja ya chokaa kwa sehemu tatu za mchanga mkali uliooshwa, kwa tabaka zisizozidi milimita 10, ukuta ukiloweshwa kwanza na kila tabaka likitunzwa unyevu kwa siku kadhaa. Chokaa iliyokaa dukani muda mrefu mfuko ukiwa wazi huwa imekwisha nguvu. Idondoshee siki: ikitoa povu jingi, iache. Hata chokaa njema haitasaidia gata za paa zikiwa zimeziba, basi zisafishwe kabla ya masika mwezi Machi na tena kabla ya vuli mwezi Oktoba.

Moto nao unataka neno. Plaiwudi na nguo hushika haraka, na ngazi moja ya mbao ndiyo njia ya kila mtu. Ngazi isifanywe duka, hata kwa mwezi mmoja wa Krismasi.

Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 tayari inataka kibali cha kubadilisha matumizi, na kwa majengo yaliyotangazwa kuwa urithi ipo Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006. Kinachohitajika ni ombi la kibali kuambatana na mambo manne: kwanza, vipimo vya boriti, nafasi kati yake na urefu wake kutoka ukuta hadi ukuta; pili, ncha ya boriti angalau moja katika kila chumba iliyofunuliwa na kudungwa kwa bisibisi kuona kama imeoza; tatu, mchoro wa kuta zinazobeba orofa ya juu, ambazo hazitabomolewa; na nne, uzito wa juu unaoruhusiwa kwa kila orofa, ubandikwe kwenye ngazi kwa Kiswahili na uandikwe katika mkataba wa kila mpangaji.

Msanifu majengo,
Nairobi